Bei Kwanza, Mpwa Wangu

Shauri Moyo,
Nairobi.
8 Novemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Ningekuja bandani kwako Kamukunji tuzungumze, lakini kelele za nyundo hapo hazituachi tusikizane, kwa hiyo nakuandikia.

Nimeifungua ile tovuti yako. Inapendeza, ila haiuzi. Picha ya kwanza ni ya jikoni kwa tajiri wa Ulaya, ilhali wewe unauza masanduku ya shule, sufuria na majiko ya makaa. Chini yake umeandika "piga simu upate bei". Mama aliye Kitui anayemtafutia mwanawe sanduku atakupita amfuate aliyetaja bei. Bei ikifichwa, mteja hudhani unataka kumpima mfuko kwanza.

Mtu akija bandani hapo, hugonga sanduku kwa kifundo cha kidole asikie unene wa bati, akafungua kifuniko, akatikisa bawaba, akajaribu komeo. Mtandaoni hayo hayawezekani, basi mfanyie wewe. Andika geji ya bati, urefu, upana na kimo. Piga picha mchana, hapo hapo kazini: ndani ya sanduku, bawaba, pembe zilivyokunjwa. Picha zenyewe ziwe nyepesi, zisimmalizie bando.

Tena watu wanaogopa kutapeliwa. Mteja akilipa kwa Lipa na M-Pesa, jina la mwenye till humjia kwenye simu. Likiwa tofauti na la tovuti, moyo wake unaruka. Jina la till, la tovuti na la kwenye ramani ya Google liwe moja. Kujiandikisha kwenye ramani hiyo ni bure. Wala usiandike "Kamukunji" tu. Mweleze akishuka Machakos Country Bus ashike njia ipi na banda lako lina rangi gani.

Anwani ya tovuti, hiyo ya .co.ke, hakikisha imesajiliwa kwa jina lako, si la kijana aliyekutengenezea. Mkikosana ataondoka na ufunguo wa duka.

Matangazo ya kulipia yana msimu wake. Januari mwaka huu, kwa sababu ya mtaala mpya, hapakuwa na kidato cha kwanza, na masanduku yakalala. Januari ijayo Gredi ya 10 ya kwanza inaingia sekondari, na wa bweni watahitaji masanduku. Tangaza Desemba, wazazi wakianza kuhesabu mahitaji. Kila anayenunua muulize alikujuaje, uandike daftarini. Tangazo ambalo halijatajwa humo kufikia Februari, acha kulilipia.

Lakini bei ndizo za kwanza, wiki hii. Ukishaziweka nitumie, nami niwaonyeshe wenzangu wa chama. Wawili kati yao wana wajukuu wanaoingia Gredi ya 10.

Nisalimie dada yangu.

Wako,
Mjomba