Swali la Mzee Langoni

Msomaji, watu wengi hudhani kuwa wakili ni mtu wa kushindana kwa maneno mbele ya jaji, mmoja ashinde na mwingine ashindwe. Kazi yangu haikuwa hiyo. Nilikuwa wakili wa mambo ya makampuni yaliyolemewa na madeni, na katika kazi hiyo hakuna mshindi. Kuna hasara tu, na kazi ni kuipunguza na kuigawa kwa haki.

Jambo hilo sikulijua nilipoanza. Nilikuwa kijana niliyehitimu, nikijivuna kwa joho langu, nilipotumwa na benki kwenye kiwanda kilichowekwa rehani. Nilikabidhi hati, na lango likafungwa. Nje alisimama fundi mmoja wa mitambo, mtu mzima, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mshahara wangu wa miezi mitatu nitaudai kwa nani?" Sikuwa na jibu, maana sikutumwa kwa ajili yake, wala sikuona haja ya kujua. Baadaye mashine ziliuzwa kwa bei ya vyuma vikuukuu, na hata benki haikupata nusu ya fedha zake. Sheria niliitimiza, lakini usiku ule sikulala.

Tangu hapo nilisoma sheria kwa jicho jingine. Mwaka 2015 Bunge la Kenya lilitunga Sheria ya Ufilisi. Zamani njia iliyozoeleka ilikuwa mwenye rehani kumtia mtu wake akusanye kilicho chake, na kampuni ife. Sheria hii ilifungua njia ya usimamizi: kampuni hukabidhiwa mtaalamu mwenye leseni, na wadai huzuiwa kwa muda wasiigombanie mali yake. Shabaha ya kwanza ni kuiokoa kampuni iendelee na kazi. Isipowezekana, wadai wapate zaidi kuliko wangalivyopata kama ingevunjwa mara moja. Kampuni ikivunjwa, baada ya gharama za ufilisi, mishahara ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi shilingi 200,000 kwa mtu, hutangulia kodi na madeni yasiyo na rehani.

Lakini usidhani kuwa dawa hii huponya kila ugonjwa. Maduka ya Nakumatt yaliwekwa chini ya msimamizi mwezi wa Januari 2018. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe. Wenye makampuni huona haya kukiri shida mapema, nao husahau kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi nililetewa hesabu wakati rafu zilikuwa tupu na wauzaji wamekwisha kukata tamaa.

Kijana msomaji, ukiipenda kazi hii, usome sheria, lakini usidharau hesabu, kwa kuwa ukweli wa kampuni hukaa katika tarakimu kabla ya kufika mahakamani. Ujifunze kukaa na watu wenye hasira bila kukasirika, na kumwambia tajiri neno asilotaka kulisikia. Zaidi ya yote, kila ushikapo faili, uulize ni nani aliyesimama nje ya lango. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa. Yule mzee sikumwona tena, na jibu lake ninalo hata leo.