Behewa Lililoshusha Mchanga

Chukua behewa tupu la tani 10 linaloteleza relini kwa kilomita 20 kwa saa, bila injini, na tuseme hakuna msuguano. Limwagiwe mchanga wa tani 10 kutoka juu, wima. Mwendo utashuka hadi kilomita 10. Momenta, yaani tungamo likizidishwa kwa kasi, haijapotea. Mchanga ulifika bila mwendo wowote wa kwenda mbele, ukachukua nusu ya momenta hiyo kutoka kwa behewa. Sasa toboa sakafu, mchanga uvuje wote. Wanafunzi wangu wengi hujibu upesi kwamba behewa litarudi kwenye kilomita 20. Halirudi. Litabaki kwenye 10 zile zile, kwa kuwa kila punje inayodondoka huondoka na mwendo wake.

Nimelifundisha swali hili miaka mingi, ila tangu mama afariki nalitazama kwa jicho jingine. Tulimuuguza nyumbani muda mrefu. Baada ya arobaini, watu wakaanza kuniambia: pole, sasa walau utapumzika na kushughulikia mambo yako. Walisema kwa upendo. Lakini kila asubuhi nilijivuta kitandani kana kwamba bado kuna mtu wa kugeuzwa ubavu. Haukuwa uvivu, wala upungufu wa imani. Mwendo niliokuwa nao zamani nilikuwa nimempa mama, na alipoondoka aliondoka na sehemu yake. Siudai.

Gharama ya kupokea mzigo uliotulia, watu wa reli waliijua. Mwaka 1860 John Ramsbottom alilaza mfereji wa maji katikati ya njia ya reli huko Mochdre, Wales, ili injini ya mvuke ichote maji bila kusimama. Maji yalikuwa yametulia. Kuyafikisha kwenye kasi ya treni kuliila nguvu injini, ingawa hakuna aliyefunga breki.

Ipo njia ya behewa kujiongezea kasi kwa kupunguza mzigo: kuurusha mchanga nyuma kwa nguvu. Ndivyo roketi inavyokwenda, na Konstantin Tsiolkovsky alichapisha hesabu yake mwaka 1903. Nimeona familia zikiagana hivyo na wagonjwa wao, kwa maneno makali na milango iliyobamizwa, na kweli walipata kasi. Mimi nisingeweza, na sijutii.

Behewa lililokwisha kuwa tupu lina nafuu moja ya hakika: kwa nguvu ile ile ya kuvuta, linaongeza kasi mara mbili ya lilipokuwa limejaa. Sharti apatikane wa kulivuta. Kwangu alikuwa shangazi, aliyepitia nyumbani kila Jumamosi alfajiri twende shambani kwake kupalilia mihogo. Nikimwambia leo siwezi, hujibu, "Haya mwanangu, vaa viatu," kisha huketi barazani kunisubiri.