Mti Usiokubali Kukatwa Kichwa

Katika bustani nyingi za Afrika Mashariki, mbele ya majumba ya zamani na kando ya barabara za miji, huonekana mti mmoja mrefu ulionyooka, wenye matawi yaliyopangika daraja juu ya daraja, mapana chini na mafupi juu. Watu wengi waujua kwa sura wala hawaujui kwa jina. Wengine huuita msonobari, na wengine huuita mti wa Krismasi. Jina lake khasa ni araukaria. Tumependa kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, kwani twawaona vijana wengi wakinunua miche yake na kuiweka barazani kwa pambo, pasipo kujua ni mgeni wa namna gani waliyemkaribisha.

Ziko aina zipatazo 20 za araukaria, na zote asili yake ni nusu ya kusini ya dunia. Jina limetokana na Arauco, katika nchi ya Chile, ambako aina moja huota milimani penye baridi kali, na wenyeji wa huko tangu zamani hula mbegu zake. Lakini aina ipandwayo zaidi majumbani yatoka kisiwa kidogo cha Norfolk, mashariki ya Australia. Kapteni James Cook wa Uingereza alipokifikia kisiwa hicho mwaka 1774, aliiona miti hiyo, mirefu na iliyonyooka, akadhani kwamba imepatikana milingoti ya merikebu. Walowezi walipokuja mwaka 1788 wakaikata na kuijaribu, wakaona haina nguvu za kustahimili kazi hiyo. Basi sifa ya kunyooka si sawa na sifa ya kuhimili tanga.

Tumepata kuulizwa na jamaa zetu: Je, yafaa Mwislamu kuupanda mti huu, ilhali wengine huupamba kwa sikukuu yao? Jawabu letu ni kwamba mti ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, nao ulikuwa ukiota kisiwani kwake kabla ya mtu yeyote kuutundikia taa. Anayeupanda kwa kivuli chake chembamba na uzuri wake hana neno.

Kuutunza si kazi ngumu. Mche hutaka udongo tifutifu uliochanganywa na mchanga na samadi iliyokwisha kuoza, na chombo chenye matundu chini, kwani mizizi yake haipendi maji yaliyosimama. Tia kidole udongoni. Ukiona juu pamekauka, mwagia maji, ukiona pangali na unyevu, ngoja. Ukiwa ndani ya nyumba uwekwe karibu na dirisha penye mwangaza mwingi, na kila juma ugeuzwe kidogo, kwani hulalia upande utokako nuru. Usiuache ukauke kabisa: matawi ya chini yakigeuka rangi ya majani makavu yakaanguka, hayaoti tena mahali pale. Mche uliozoea kivuli usitolewe juani kwa siku moja, bali uzoezwe kidogo kidogo. Upepo wa chumvi hauudhuru sana, na kwa sababu hiyo wapendwa katika miji ya pwani.

Ila jambo kubwa kuliko yote ni kilele chake. Mti huu hupanda juu kwa ncha moja tu. Ncha hiyo ikikatwa, umbo lake haliwi tena kama lilivyokuwa. Tena, ukikata tawi la ubavuni ukalipanda, laweza kushika mizizi na kuishi miaka mingi, lakini litaendelea kutambaa kando kama tawi, lisisimame kuwa mti. Kwa hivyo anunuaye mche na autazame: ulioota kwa mbegu huwa na ncha iliyosimama wima katikati.

Jambo hili tulilijua kwa taabu nyumbani kwetu. Baba yetu, Mungu amrehemu, aliupanda mche wa araukaria mwaka 1978, hatua nne kutoka ukutani, nao siku ile haukufika gotini. Ilipofika mwaka 2016 ulikuwa umeipita nyumba yetu mara mbili kwa urefu, na kila msimu wa kusi uliinama juu ya paa la jirani, na chini ya paa lile hulala watoto. Fundi mmoja akasema ataukata nusu kwa bei nafuu. Ami yetu akakataa mti wa marehemu usiguswe kabisa. Nasi tukauliza wenye ujuzi, wakatuambia kwamba ukikatwa nusu utatoa vilele viwili vitatu vinavyoshindana, vilivyoshikana na shina kwa udhaifu, na hatari itarudi baada ya miaka michache, kubwa kuliko kwanza.

Aliyekata shauri ni mama yetu. Alisema, “Marehemu alipanda mti, hakumpandia jirani hofu. Haki ya jirani ni deni, na deni la marehemu hulipwa na watoto wake.” Ami yetu akanyamaza kitambo, kisha akawa wa kwanza kushika kamba. Ukaangushwa wote, kipande kwa kipande, kuanzia juu. Mbao zake seremala akatuundia marufaa 12, tukayapeleka chuoni, na watoto wa jirani ni miongoni mwa wanaosomea juu yake.

Enyi vijana wetu, mche ulio ndani ya kopo leo, kwao hufika mita 50 na kupita. Kabla hamjautoa barazani kuupanda ardhini, simameni mahali pale mtazame juu: je, pana waya wa umeme? Tazameni pembeni: je, pana paa la mwenzenu? Sisi twashauri usipungue hatua 15 kutoka nyumba yoyote, iwe yenu au ya jirani. Asiye na nafasi hiyo na auweke katika chombo, ambamo hukua polepole, au apande mlimau, ambao hukubali kukatwa. Kupima hatua hizo ni kazi ya dakika moja, na atakayeishi na hesabu yake ni mjukuu.