Asiransi ya gari na ya nyumba Goma: karatasi ile inalipa nini?

Kwenye kioo cha mbele cha gari nyingi za Goma kuna karatasi ya asiransi. Dereva anajua vizuri tarehe yake ya mwisho, kwa sababu polisi wa barabarani wanaiuliza kila mara, kuanzia Birere mpaka Signers. Lakini ukimuuliza karatasi ile italipa nini siku ya ajali, ananyamaza kwanza. Kwa wengi ni karatasi ya kupita barabarani, kama tikiti. Hapo ndipo hasara inaanzia.

Dereva mmoja wa teksi, mkaaji wa Ndosho, alilipa kila mwaka bila kukosa. Siku moja ya mvua, kwenye barabara ya Sake, gari yake iliteleza, ikagonga pikipiki, kisha ikaenda kujikwama kwenye mawe ya volkano. Motari alivunjika mguu. Gari ilipasuka radiata na mlango mmoja ukakunjika. Dereva alikwenda kwenye ofisi ya bima akiwa na furaha kidogo, akiamini kwamba sasa ndipo pesa zake za miaka yote zitarudi. Alijibiwa kwamba bima yake ni ya watu wengine: inaweza kulipia matibabu ya motari na pikipiki iliyovunjika, lakini si mlango wala radiata yake. Alitoka akisema ameibiwa. Lakini mkataba ulikuwa unasema hivyo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemweleza, na yeye hakuuliza.

Ile bima aliyokuwa nayo ndiyo sheria ya Kongo inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, tangu mwaka 1973. Leta iliiweka ili mtu aliyegongwa asiachwe mikono mitupu kama aliyemgonga hana kitu. Inamlinda mpita njia, motari, abiria, mwenye kibanda kilichobomolewa. Inamlinda dereva pia kwa njia moja: asiuze parseli yake ili kulipa mguu wa mtu. Lakini gari yake mwenyewe haimo. Akitaka ilipwe kwa wizi, kwa moto au kwa ajali yoyote, anaongeza vifungu na anaongeza pesa.

Kwa muda mrefu watu hawakuwa na pa kulinganisha. Kuanzia 1966, kampuni ya leta, SONAS, ilikuwa peke yake kwenye kazi hii. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine, na kampuni za kwanza za watu binafsi zilipata ruhusa mwaka 2019, chini ya macho ya ARCA, ofisi ya leta inayosimamia bima. Kwa hiyo pale penye kampuni zaidi ya moja, mwenye gari anaweza kuuliza bei sehemu mbili au tatu kabla ya kutoa pesa. Wachache tu wanafanya hivyo.

Kuna njia za kupunguza malipo ambazo ni za kweli. Ya kwanza ni kuacha vifungu visivyofaa. Gari ya zamani ambayo thamani yake imeshuka sana haihitaji bima ya ajali zote. Pesa ile ya kila mwaka inaweza kuwekwa pembeni kwa ajili ya matengenezo. Ya pili ni kile watu wa bima wanaita franshizi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari anaibeba mwenyewe. Akikubali kubeba dola 200 za kwanza kwa kila ajali, malipo ya mwaka yanashuka. Ila ajiulize: siku hiyo, hizo dola 200 atakuwa nazo? Ya tatu ni kuuliza kama kuna punguzo kwa dereva ambaye hakuleta ajali kwa miaka kadhaa, au kwa ushirika wa madereva wanaoandikisha gari nyingi pamoja.

Kuna pia njia ambazo zinaonekana za bei nafuu lakini ni mtego. Bei inafuata kazi ya gari. Mtu anaandikisha gari kama ya nyumbani, kisha anaifanya teksi ya Majengo na Katindo. Mwaka mzima anacheka kwamba amepunguziwa. Siku ya ajali kampuni inakuta abiria watano ndani waliolipa nauli, na hapo ina sababu ya kukataa au kupunguza malipo. Mtego mwingine ni karatasi ya kununua kwa mtu wa barabarani, bila ofisi, bila risiti. Mwenye gari anapaswa kutoka na vitu vitatu: karatasi ya kioo, risiti yenye namba, na mkataba wenyewe. Mkataba ndio unaosema nini kinalipwa, na ajali inatangazwa ndani ya siku ngapi. Hizo siku zikipita, hata mwenye haki anaweza kupoteza.

Anayevuka mpaka kwenda Rwanda, Burundi au Uganda akumbuke kwamba karatasi ya Kongo peke yake haimtoshi. Kuna karte ya manjano ya COMESA, inayotambulika katika nchi hizo, na Kenya na Tanzania vilevile. Nayo inalipia madhara ya wengine, si gari yake.

Kwa upande wa nyumba, mambo ni magumu zaidi. Goma ni mji wa nyumba nyingi za mbao, zimebanana, na mbabula ya makala iko karibu na ukuta. Moto ukianza nyumba moja, majirani kumi wanatoa magodoro nje. Kampuni ikikubali nyumba ya mbao, inaomba pesa nyingi kuliko nyumba ya matofali. Na mpangaji asijidanganye: kama mwenye nyumba amelipa bima ya moto, ni kuta na bati zake zinazolindwa. Kitanda, mashine ya kushona na mifuko ya unga ya mpangaji havimo, mpaka yeye mwenyewe avitangaze kwenye bima yake.

Anayeandikisha nyumba asiseme thamani ndogo ili alipe kidogo. Nyumba ya dola 20.000 ikiandikishwa kwa dola 10.000, kampuni inahesabu kwamba imelinda nusu. Moto ukiharibu vitu vya dola 6.000, inaweza kulipa 3.000 tu. Wengi wanajua hesabu hii wakiwa tayari wamesimama kwenye majivu.

Kisha kuna maswali mawili ambayo mtu wa Kivu hawezi kuacha kuuliza: volkano na vita. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukaishia Buhene. Mikataba mingi ya moto hailipi moto wa mlima, wala nyumba iliyoporwa au kupigwa bomu wakati wa vita, isipokuwa kifungu hicho kimenunuliwa pembeni, kama kinauzwa. Mtu asikubali jibu la mdomo. Aombe kuonyeshwa mstari wenyewe.

Hilo linawauma zaidi waliohama. Mama mmoja aliyetoka Masisi, anayeuza unga kwa vikombe, anasema kwake bima ni neno la wenye magari. Lakini kule kijijini alikuwa ndani ya MUSO, na MUSO ina kasha nyekundu. Kasha ya kijani ni ya akiba na mikopo, na pesa zake ni za mwanachama. Nyekundu ni ya msaada: kila mmoja anatoa kidogo na haombi kurudishiwa, kusudi aliyefiwa, aliyeungua au aliyelazwa asaidiwe. Hiyo ni bima kamili, hata kama haina karatasi ya kioo.

Ila kasha ile nayo ilimwonyesha mama huyo mpaka wake. Ilisaidia watu kwa miaka kwa sababu shida ilikuwa inapiga mlango mmoja kwa siku moja. Siku kijiji kizima kilikimbia, wote walihitaji msaada na hakuna aliyebaki wa kutoa. Ni sababu ileile inayozifanya kampuni kubwa ziogope vita na volkano. Kwa hiyo kikundi kinachoanza tena leo kinafanya vizuri kikichanga wanachama wa sehemu mbalimbali, kisiweke pesa zote mahali pamoja, na kila mwezi kipige picha ya daftari na kuituma kwenye simu za watu watatu.

Picha hiyohiyo inafaa kwa karatasi za parseli, karatasi za gari na mkataba wa bima. Mtu anayekimbia usiku anabeba watoto kwanza, na ndivyo inavyopaswa. Karatasi zikiwa tayari kwenye simu ya ndugu aliye Bukavu au Butembo, hahitaji kurudi ndani kuzitafuta, na siku ya kudai nyumba yake au malipo yake ana pa kuanzia.