Jaribio A, A, A, A...

Wadau, jana nimelala saa tisa usiku. Leo asubuhi ilikuwa zamu yangu kufundisha wenzangu huku mkufunzi anatoa maksi, nami nilishajigamba kwake: anwani moja, majaribio matatu, mtu asiangalizie kwa jirani.

Nilitumia RewriteMap ya Apache, ile aina ya rnd. Unaandika faili dogo lenye kurasa tatu zilizotenganishwa na alama ya |, seva inachagua yenyewe. Kwanza niliiweka kwenye .htaccess, ikanitapikia kosa 500. Kumbe inakaa kwenye usanidi mkuu wa seva tu. Haya, nikahamisha. Nikafungua: Jaribio A. Tena: A. Mara ishirini, A! Nikaanza kuilaani seva.

Rumeti wangu akafunua shuka. "We mwalimu, umeweka 301 au 302?"

Nilikuwa nimeweka R=301, yaani "ukurasa umehama jumla". Brauza ikakariri, hata seva haiulizi tena! Nikabadili kuwa R=302, nikawasha Apache upya, na safari hii nikapima kwa curl -I, ambayo haikariri kitu: C, A, A, B, C. Nilipiga kelele hadi chumba cha pili wakagonga ukuta.

Ila hizo A mbili mfululizo mmeziona? Mimi sikuzitilia maanani. rnd inabahatisha tu, haigawi kwa zamu. Leo benchi la nyuma, wawili waliokaa pamoja wote wamepata B, na mkufunzi alikuwa amesimama nyuma yao. Maksi zikitoka nitawaambia.