Agosti ya Darasa la Saba

Kutoka Mombo barabara inapanda kilomita kama 33 hadi Lushoto mjini, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Mkishapita Soni hewa inabadilika, abiria wanafunga madirisha ya basi na wenyeji wanatoa masweta. Shule niliyokwenda kuitazama iko mbele zaidi, kwenye mgongo wa kilima kilicholimwa maharage hadi ukingoni mwa uwanja wa mpira. Asubuhi za Agosti ukungu huwa bado umelala juu ya mabati wakati darasa la saba limekwisha kukaa. Madarasa mengine hufika saa moja na kitu. Hawa huwasha taa ya sola saa kumi na moja na nusu.

Walisimama wote kwa mpigo. "Shikamoo mgeni!" Marahaba yangu ilimezwa na kelele za madawati. Ni darasa la watoto zaidi ya 80, na dawati lililoundwa kwa ajili ya watatu limebeba wanne, kiasi kwamba aliye pembeni anaandika goti moja likiwa nje, kwenye njia.

Ubaoni palikuwa na swali: 36 ÷ (3 + 6) × 2 − 5. Mwalimu alikuwa ofisini anasahihisha majaribio ya jana, na aliyeshika chaki ni msichana mwembamba mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Kijana mmoja wa nyuma alikuwa amepata hasi tatu na hakutaka kuiachia. Tisa mara mbili ni 18, alisema, 36 kwa 18 ni mbili, mbili toa tano. Yule msichana hakumwambia kwamba amekosea. Aliandika MAGAZIJUTO ubaoni kwa wima, silabi moja chini ya nyingine, kisha akauliza, "Ga iko wapi, na Zi iko wapi?" Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kijana alitazama kwa muda, akafuta daftarini kwa kidole alicholowesha mate, akaanza upya kwa sauti: tisa, 36 kwa tisa, nne, nne mara mbili, nane, toa tano, tatu. Hakuna aliyemcheka. Swali lililofuata akaenda kulifanya yeye ubaoni, bila kuitwa.

Hayo ndiyo niliyopanda mlima kuyaona, na ningeweza kukaa pale hadi kengele ya uji. Watu wengi wanalijua darasa la saba kwa matokeo yake tu: wangapi wamefaulu, shule ipi imeongoza mkoa, ipi imeshika mkia. Lakini kwa miezi kadhaa kabla ya matokeo hayo, watoto wa miaka 13 na 14 wanafundishana, na wanafanya hivyo kwa uvumilivu ambao sisi wakubwa tunausahau.

Mtihani wenyewe, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, unafanyika Septemba kwa siku mbili. Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Maswali mengi ni ya kuchagua, na tangu 2012 majibu yanajazwa kwenye fomu ya OMR inayosomwa na mashine. Kwa hiyo kuna kipindi kizima cha kujifunza kusiliba. Mwalimu wa taaluma aligawa karatasi za mazoezi zenye viduara, akapita kati ya madawati akiwa ameshika penseli ya HB juu ili kila mtu aione. "Jaza duara lote, wanangu. Usivuke mstari, usiache weupe katikati. Ukibadili jibu, futa hadi liishe kabisa." Vifutio havikutosha, hivyo kila kimoja kilikatwa vipande vinne kwa wembe. Mtoto mmoja mbele yangu alikitoboa kipande chake, akakifunga kwa uzi na kukivaa shingoni kisidondoke.

Nilimwangalia yule msichana wa MAGAZIJUTO akisiliba, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Uwezo wake wa kumrudisha mwenzake hatua kwa hatua hadi alione kosa mwenyewe hautaonekana kwenye fomu ile. Naelewa kwamba kusahihisha kazi za watahiniwa wengi namna ile kunahitaji mashine. Bado nadhani mtoto aliyesoma hisabati miaka saba anastahili kuulizwa kwa mapana zaidi amefikaje kwenye jibu.

Saa nne uji ulitoka. Hapo ndipo unapoona kwamba shule inaendeshwa na darasa hili. Kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na aliyeigonga asubuhi ile ni wa la saba. Wanaopanga foleni ya wadogo wenye vikombe ni wa la saba, na anayemfunga kamba za viatu mtoto wa awali ni wa la saba vilevile. Darasa la pili lilikuwa halina mwalimu siku ile, maana alikuwa zahanati, na msichana wa la saba aliyekuwa dada mkuu alikwenda kuwasomesha silabi kwa nusu saa. Aliporudi alikuta wenzake wamemwandikia maswali aliyoyakosa. Mwalimu wa zamu aliniambia kwamba kwa kawaida vyeo huhamia la sita katikati ya mwaka ili hawa wasome, lakini wadogo wameshazoea kuwakimbilia, na cheo cha karatasini hakiwazuii.

Mwalimu wa darasa ana daftari ambalo haliachi popote. Nilidhani ni la mahudhurio. Kumbe anaandika alama za kila mtoto kila wiki, kwa mkono, na kabla ya Septemba anaziangalia kwa sababu moja iliyonikaba koo. Wapo wazazi, alisema, wanaomwambia mtoto ajaze ovyo ili asifaulu: wa kike aende mjini kwa kazi za ndani au aolewe, wa kiume akafanye biashara kwa mjomba wake. Nimeshasikia malalamiko hayohayo kutoka kwa walimu wa mikoa mingine. Mtoto mwenye wastani mzuri tangu Januari akianza kushuka ghafla baada ya mtihani wa moko, mwalimu hamwiti ofisini. Anakwenda nyumbani jioni, anakaa kwenye kigoda, anazungumza na mama mtu habari za maharage, na baadaye kabisa anafungua daftari. "Ukianza na lawama umekwisha," alisema. "Mimi namwonyesha tu: Mama, tazama, huyu ni wa kwenu." Mara nyingine inafaa, mara nyingine haifai. Mwalimu huyo hana posho yoyote kwa safari hizo za milimani, na nadhani ndiye mtumishi wa umma muhimu kuliko wote niliokutana nao wilayani.

Ada ya shule za msingi iliondolewa miaka mingi iliyopita, na tangu Januari 2016 elimu bila malipo imefika hadi kidato cha nne. Shule za kata zilizoenea kuanzia 2004 nazo zimefungua mlango ambao zamani ulikuwa tundu la sindano. Wazazi wa watoto hawa wanakumbuka enzi ambapo ungeweza kufaulu na bado usichaguliwe. Kilichobaki ni vitu vidogo vinavyoumiza, kama viatu na sare mpya. Kisha kuna Kiingereza. Miaka yote hii hawa wamesoma sayansi kwa Kiswahili, wanaeleza usanisinuru bila kusita. Januari watakutana na mambo yaleyale kwa lugha nyingine. Kipindi cha Kiingereza niliona mikono iliyokuwa juu asubuhi imeshuka yote. Yule kijana wa hasi tatu aliandika jibu sahihi kwenye kipande cha karatasi akampa jirani alisome, kwa kuogopa matamshi.

Jioni wanabaki shuleni kwa kambi ya kujiandaa na mtihani. Wazazi walikubaliana kwenye mkutano kuleta mahindi na maharage, na mama wawili wa jirani wanapika makande kwenye sufuria kubwa nyuma ya stoo. Wasichana wanalala darasa moja na matroni, wavulana jingine. Ukutani kuna ramani ya Tanzania iliyochorwa kwa rangi, maziwa yake yamefifia kwa kuguswa na vidole, na siku za mtihani itafunikwa kwa karatasi isionekane.

Kambi hizi zenyewe zina mwisho wake. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafanya elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mambo yakienda kama yalivyopangwa, mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja, kisha darasa la saba litakoma. Mwalimu mkuu anaunga mkono. Anasema elimu ya lazima ya miaka kumi itamwondolea yule mwalimu wa daftari nusu ya safari zake, kwa kuwa hakuna mzazi atakayekuwa na mtihani wa kumficha mtoto nyuma yake. Nakubaliana naye. Kinachomnyima usingizi ni jinsi shule ya sekondari iliyo bondeni itakavyopokea madarasa mawili Januari 2028, na nani atakuwa mkubwa wa shule hapa juu. Mtoto wa miaka 11 au 12 mwenyewe bado anahitaji kufungwa viatu vyake, alisema. Kwa hiyo tangu Julai amewapa la tano baadhi ya zamu za kengele, na kila Ijumaa wa la saba wanakwenda kuwaonyesha namna ya kuongoza kundi la hisabati bila mwalimu.