Msitu Ulio Karibu Nasi

Komini ya Annexe yauzunguka mji wa Lubumbashi pande zote. Kila alfajiri twaona humo wanaume wakisukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala hata mtu mwenyewe haonekani. Zamani walitoka karibu. Siku hizi hutoka mbali, kwa kuwa miti ya karibu imekwisha.

Wasomaji wapenzi, tukitajiwa matembezi ya kutazama wanyama, sote twafikiri Upemba, mbuga iliyotengwa mwaka 1939, wakaapo punda milia wa mwisho wa nchi yetu. Au Kundelungu, ya mwaka 1970, yenye maporomoko ya Lofoi yaangukayo zaidi ya mita 300. Ni mahali pa fahari, lakini ni mbali na nauli ni ghali. Basi mwezi wa Mei tuliwapeleka wanafunzi wetu Mikembo, msitu uliohifadhiwa wa hekta 800 hivi, upande wa kaskazini-mashariki ya mji.

Watoto walitaka simba. Kiongozi wetu aliwaonyesha nyayo za swala, kisha kichuguu kirefu kuliko nyumba, kazi ya mchwa wa vizazi vingi. (Kwetu mjini vichuguu vya namna hiyo hufanywa matofali.) Halafu akafukua kidogo shinani mwa mti. Uyoga wetu mwingi, yaani bowa, huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hiyo. Mti ukikatwa, nao hutoweka. Shamba la muhogo haliwezi kuulea. Hapo wasichana waliacha kucheka, maana mama zao huuza bowa kando ya barabara wakati wa mvua.

Mvulana mmoja akauliza, “Baba, mzazi wangu huchoma makala. Asipochoma, tutakula nini?”

Mzee hakumkaripia. “Mwanangu, mimi nalishwa na wageni, nao ni wachache. Mji mzima wapika kila siku.”

Jibu hilo lilitupendeza kuliko hotuba nyingi tulizosikia juu ya misitu. Umeme wa mji hautoshi. Nani atamwambia mama azime jiko? Hata hivyo hasara ni kubwa: katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni hutoa makala kilo 10 hadi 20 tu.

Nje ya mpaka wa hifadhi, mzee alitusimamisha penye kisiki. Msitu wa namna hii, alisema, hauna haja ya kupandwa. Huchipua wenyewe, mradi moto usiuunguze ungali mchanga. Jambo hilo lilipimwa huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, tangu mwaka 1933. Vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake mikubwa. Vilivyochomwa mapema, majani yangali na unyevu, vilibaki msitu. Kwa hiyo kiberiti cha Septemba, kinachowashwa mara nyingi kwa ajili ya panya wawili watatu, chaua kuliko shoka.

Mvulana yule alichutama akahesabu machipukizi: kumi na moja.

“Yatabaki mawili au matatu,” mzee akamwambia.

“Yatafaa makala lini, Baba?”

“Utakapokuwa na watoto wako.”